Shada la Waridi Halilipi Ankara

Januari imeshaanza kutuonyesha meno. Nilikuwa kimya wiki mbili na wengine mkanitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na jambo limenikaa kooni, nikasema ngoja hasira ipungue kwanza. Haikupungua. Basi acha niandike hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni maua. Ndiyo, maua, msicheke. Naongelea huu mtindo ulioingia mijini wa kampuni kupeleka maua kwa wateja wao, kwa wanaowauzia bidhaa, kwa mameneja wa benki, kwa wakuu wa idara za serikali na kwa sisi waandishi wa habari, eti kuimarisha uhusiano wa kibiashara. Zamani (nasema zamani kana kwamba ni mzee, nina miaka 27) mwisho wa mwaka ulikuwa wa kalenda na shajara, na mwenye bahati alipata kapu lenye juisi na biskuti. Siku hizi ni shada la waridi lililofungwa kwa nailoni inayong'aa, riboni yenye rangi za kampuni, na kadi ndogo yenye maneno matamu. Wataalamu wa masoko wanatufundisha kwamba ua linagusa moyo, kwamba mteja aliyeguswa moyo haondoki, na kwamba zawadi inayonukia haisahauliki.

Sikatai kwamba haisahauliki. Niliyoiona Desemba sitaisahau.

Baba yangu mdogo ana kiwanda cha uchapaji Kariakoo. Nikisema kiwanda msifikirie mabomba ya moshi. Ni vyumba viwili ghorofa ya kwanza, mashine moja ya ofseti iliyonunuliwa mtumba, mashine ya kukatia karatasi, kompyuta mbili na vijana watatu. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Likizo zangu nyingi nikiwa Mlimani nilizimaliza pale, napanga kurasa na kubana vitabu, kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikusimuliwa.

Aprili mwaka jana alipata kazi kutoka kampuni moja kubwa. Sitaitaja, na msinibembeleze kwa simu. Vijitabu elfu moja, karatasi ya kung'aa, rangi kamili. LPO ikatoka, vijana wakalala kazini siku mbili, mzigo ukafika kabla ya siku waliyokubaliana kwa sababu walimwambia mkutano wao uko mlangoni. Ankara ilikuwa milioni nne ya kazi na laki saba na ishirini elfu ya VAT, jumla 4,720,000. Makubaliano yaliandikwa kwa maneno ya Kiswahili safi, malipo ndani ya siku 30.

Mei ikapita. Juni akaambiwa mhasibu yuko likizo. Julai mhasibu amerudi lakini mwenye kutia saini amesafiri. Agosti mfumo umebadilishwa, lete nakala ya ankara upya. Akapeleka. Septemba ile nakala haionekani, lete nyingine, na safari hii ambatanisha na hati ya kupokelea mzigo. Akaambatanisha. Oktoba, "njoo Ijumaa mzee." Ijumaa ipi? Wenye kudai mnaijua hiyo Ijumaa, haimo kwenye kalenda yoyote, hata zile anazochapa yeye.

Sasa kuna kitu ambacho wengi waliokaa kwenye viyoyozi hawakijui, au wanakijua na hawajali. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anatakiwa kuitangaza kodi ile kwa mwezi aliotoa ankara, na kuilipa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. TRA hawamuulizi kama mteja wake amelipa. Kwa hiyo ile laki saba na ishirini, ukitoa kidogo alichokwishalipa kwenye karatasi na wino, baba mdogo aliitoa mfukoni mwake Mei. Yaani ameilipia kodi fedha ambayo hajawahi kuiona! Kampuni kubwa ikichelewesha malipo inakuwa imemkopa mtu mdogo bila riba, bila dhamana, na bila kumwomba. Angekwenda yeye benki kuomba milioni nne na ushee angeulizwa hati ya nyumba.

Haya. Tarehe 19 Desemba, asubuhi, nimepita pale kumsalimia kabla ya kwenda kazini. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi, mara tunasikia viatu kwenye ngazi. Dereva wa ile kampuni, shati lenye nembo kifuani, mkononi shada. Waridi nyekundu na nyeupe, kubwa kweli kweli, limechomekwa kwenye sponji ya kijani ndani ya kikapu. Vijana wakaacha mashine. Kwa sekunde moja, na hii naisema kwa uchungu, niliona uso wa baba mdogo umechangamka. Alidhani dereva ameleta hundi, na maua ni ya kuombea radhi.

Hapakuwa na hundi. Palikuwa na kadi imefungwa kwa uzi wa dhahabu. Akaisoma kwa sauti: ahsante kwa kuwa mshirika wetu wa thamani. Akaigeuza nyuma. Akaipapasa pembeni kwa kidole gumba jinsi anavyopapasa kila karatasi, kisha akacheka mpaka akakaa.

"Mwanangu," akaniambia, "kadi hii nimeichapa mimi."

Na kweli. Mwanzoni mwa Novemba walimwagiza kadi 150 za namna ile, laki moja na themanini, akachapa kwa sababu alidhani ukiendelea kuwafanyia kazi watakukumbuka. Nazo hawajalipa! Kwa hiyo mzee wa watu ameshukuriwa kwa kadi aliyoichapa mwenyewe kwa karatasi yake na wino wake, na deni juu.

Dereva (yeye hana kosa, ni mtu wa mshahara kama sisi) akatoa kitabu. "Mzee, saini hapa kwamba umepokea." Baba mdogo akasaini. Kwenye nafasi ya muda akaandika saa nne na dakika kumi. Mnaona umakini huo? Ua linalotoka kwao lina kitabu, lina saini, lina saa na dakika. Ankara inayoingia kwao inapotea mara mbili kwa mwaka.

Mimi ni mwandishi wa habari za biashara, nikaanza hesabu palepale. Nililipiga picha lile shada nikamtumia kwa WhatsApp mama mmoja ninayemfahamu anayefunga maua, nikamuuliza linauzwaje. Akasema kwa Desemba, si chini ya elfu themanini na tano. Kadi zilikuwa 150. Zidisha. Ni 12,750,000, bila mafuta ya gari na posho ya dereva. Kama kila kadi ilienda na shada la namna ile, kwa fedha hiyo wangemlipa baba mdogo madai yake yote, wakamlipa na mchapaji mwingine kama yeye, na ingebaki chenji ya karibu milioni tatu ya kuchezea maua.

Nikamuuliza tena yule mama, hizi kampuni zikiagiza maua hukulipa lini? Akanipigia simu badala ya kuandika, nadhani swali lilimchekesha. "Kabla," akasema. "Mie kampuni siikopeshi, iwe kubwa iwe ndogo. Waridi halisubiri hundi." Kumbe wanaweza kulipa siku hiyo hiyo! Mfumo hausumbui, mwenye kutia saini hajasafiri. Kinachotakiwa ni bidhaa inayonyauka.

Nina rafiki tuliyesoma naye, sasa ni afisa masoko wa kampuni nyingine kabisa, kijana mwerevu na ninampenda. Tukala mishikaki nikamsimulia nikitegemea atanyamaza kwa aibu. Hakuona aibu. Akanieleza kwa upole kama mwalimu: maua yanatoka kwenye bajeti ya masoko, na madai ya baba yako mdogo yako uhasibu. Ni mafungu tofauti, wakubwa tofauti, na bajeti ya masoko isipotumika kabla ya mwaka kwisha mwakani itapunguzwa. Kwa hiyo Desemba lazima itumike.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nawaomba na nyinyi mwelewe, kwamba lile shada halikumhusu baba mdogo hata kidogo. Aliyekuwa anaimarishwa ni bajeti ya mtu fulani. Jina lake lilichukuliwa kwenye orodha, na hakuna aliyepeleka orodha hiyo ghorofa ya uhasibu kuuliza kuna mtu humu tunamdai au anatudai. Ingekuwa kazi ya nusu saa. Rafiki yangu akaongeza kwamba wanaopokea maua hufurahi, wanapiga picha, wanaweka mtandaoni. Nikamwambia baba mdogo hakupiga picha, nimepiga mimi. Tukabadilisha mazungumzo tukaongelea Simba na Yanga.

Wahenga wetu walishalimaliza suala hili kwa maneno manne, dawa ya deni kulipa. Hawakutaja bizari, sembuse waridi.

Sasa mtasema huyu kijana ana hasira za ukoo, shangazi na wajomba, atuachie. Basi niwape la kwangu mwenyewe, na hili sikupanga kuliandika.

Miaka miwili iliyopita kampuni fulani ilileta maua kwenye chumba chetu cha habari siku moja kabla ya kutangaza matokeo yake ya fedha. Si bahasha. Bahasha tunaijua wote, ina jina, ina utani wake, na Baraza la Habari limeipigia kelele tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ingekuja bahasha ningeikataa, ninajiamini kwa hilo. Lakini ua utalikataaje? Unaonekana mshamba. Unaonekana huna adabu. Mpokezi analiweka mezani kwako, wenzako wanasema lo, leo umependwa, na wewe unabaki unatabasamu kama mwali. Jioni nilimpelekea mchumba wangu. Akaniuliza, umeninunulia? Nikanyamaza kwa namna ambayo mtu yeyote angeielewa kuwa ni ndiyo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili ni kesho yake. Nikawa naandika habari ya yale matokeo. Nilikuwa na daftari lenye malalamiko ya wateja wa kampuni ile, nimeyakusanya kwa miguu yangu siku tatu. Niliandika sentensi "wateja wamekuwa na malalamiko". Nikaitazama. Nikafuta. Nikaandika "kumekuwa na changamoto". Hakuna aliyeniambia. Mhariri hakuniambia, kampuni haikupiga simu. Vidole vyangu tu vilikumbuka harufu. Gazeti likatoka, habari ikawa na changamoto aya ya tisa, wale wateja wakafunga mdomo maana walidhani nimewauza. Na kweli niliwauza, kwa waridi kumi na mbili ambazo hata sikukaa nazo.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba maua ni kitu kidogo hayawezi kununua mtu. Yananunua vizuri zaidi kwa sababu ni kidogo. Fedha taslimu inamwamsha mtu, dhamiri inapiga kelele, anajua sasa naingia mahali. Ua linamlaza. Na lina sifa nyingine ambayo wenye kutoa wanaijua: baada ya wiki moja limo kwenye pipa la taka, hakuna ushahidi, hakuna namba ya mfululizo. Ukihojiwa utasema nini, kwamba nilipewa waridi? Watu watacheka. Kilichobaki ni yule aliyelipokea, ambaye sasa anaona haya kukuandika vibaya, au kukunyima zabuni, au kukukagua sawasawa.

Sheria yenyewe haichekeshwi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ile iliyoileta TAKUKURU tunayoijua, inapoeleza manufaa ambayo mtu anaweza kuhongwa, zawadi imo. Haikusema zawadi isipokuwa inayonukia. Na isifikiriwe ni ya watumishi wa serikali tu, wakala na mwajiriwa wa kampuni binafsi naye anabanwa. Marekani kwa wenye biashara zao waliona njia nyingine, wakabana upande wa kodi: tangu 1962 kampuni haiwezi kupunguza kodi kwa zawadi ya zaidi ya dola 25 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Dola 25! Bei za vitu zimepanda mara ngapi tangu mwaka ule, na kikomo ni kilekile. Hapa kwetu mtakumbuka Novemba 2015, Rais Magufuli hana hata mwezi Ikulu, ikatoka amri kwamba taasisi za umma zisichapishe kadi za Krismasi na mwaka mpya kwa fedha za serikali. Fedha hizo, ilisema amri ile, zilipie madeni ya wanaoidai serikali huduma na bidhaa, au zifanye kazi nyingine ya maana. Baba mdogo alipoteza kazi za kadi msimu ule, akalalamika, mimi nikiwa bado mwanafunzi nikamtetea rais. Leo nadhani tulikuwa tunaongelea kitu kimoja bila kujua. Kadi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kadi kutangulia deni.

Naomba nieleweke, siyachukii maua. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Tanga. Nimekulia kuona kikuba, asumini na mrehani na waridi vikifungwa pamoja kwa uzi, mwanamke anabandika kifuani, ukipita karibu yake unajua kuna sherehe au mume amerudi safari. Asumini zinatungwa jioni maana ndipo zinapofunguka. Kwa watu wa pwani ua ni kitu cha karibu, cha ngozini. Alikupa mtu anayekujua jina, na huwezi kulipokea halafu ukalisainia kwenye kitabu. Bibi nilipomsimulia habari ya baba mdogo aliuliza swali moja tu, "Aliyemletea ni nani kwake?" Nikasema kampuni. Akauliza tena kana kwamba hakusikia, "Nani?"

Na msiniambie uhusiano wa biashara haujengwi kwa utu, unajengwa sana. Baba mdogo alipofiwa na mkewe wa kwanza, mama yangu mdogo yule aliyenilea, kulikuwa na mteja mmoja, mwenye shule ya watoto wadogo Tabata. Alikuja mwenyewe. Akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume, akala ubwabwa wa msiba, akaacha rambirambi kimya kimya kwenye daftari kama jirani. Kampuni mbili zilileta mashada yenye riboni, mshereheshaji akayasoma majina yake kwa kipaza sauti makaburini kama anatangaza wadhamini wa ligi. Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Yule wa Tabata bado ni mteja. Hulipa tarehe 30, ikiangukia Jumapili hulipa Jumamosi. Hajawahi kuleta hata jani. Shule yake ikitaka mitihani ichapwe usiku, mashine inawashwa usiku, hakuna anayeuliza LPO iko wapi.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu na nitaijibu kwa adabu. Mtu ataniuliza, je, wakulima wa maua? Kuna watu wanakula kwa maua. Ni kweli, na si wachache. Kenya peke yake, Naivasha na kwingineko, kilimo cha maua kimeajiri zaidi ya watu laki moja moja kwa moja, na waridi za Kenya ndizo zinazojaza masoko ya Ulaya kila Februari. Sisi nasi Arusha, kuanzia Tengeru mpaka Usa River chini ya Mlima Meru, tuliingia kwenye biashara hiyo miaka ya 1980 inaisha, ingawa mashamba kadhaa yalifungwa miaka ya 2010 na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini jamani, mashamba yale hayakuinuliwa wala kuangushwa na mashada ya Posta na Masaki. Maua yale hukatwa, hutiwa kwenye vyumba vya baridi, hupanda magari ya baridi, mengi ya Arusha huvuka Namanga kwenda kupandia ndege Nairobi, na kutoka hapo ni Ulaya. Volkano ya Iceland ilipozuia ndege Aprili 2010, maua yalitupwa Kenya kwa tani. Soko lililofungwa na moshi wa Iceland siyo soko la zawadi za ofisi za Dar es Salaam.

Tena hao wenye biashara ya maua ndio wangetufundisha vizuri zaidi. Kule Aalsmeer, Uholanzi, kwenye ule mnada mkubwa, bei huanza juu na kushuka kwenye saa, anayebonyeza wa kwanza ndiye aliyenunua. Mnunuzi hachukui maua kwa ahadi ya njoo Ijumaa. Mnada unasimama katikati kuhakikisha fedha ya mkulima inakatwa na inamfikia upesi. Hiyo ni moja ya sababu kubwa za mnada kuwapo, na ulianzishwa na wakulima wenyewe zaidi ya miaka mia moja iliyopita wakiwa wamechoka kupunjwa na madalali. Yaani mnyororo mzima wa waridi, kuanzia Uholanzi mpaka yule mama wa hapa anayekataa kukopesha, unatembea kwa malipo ya haraka. Anayekuja kulichafua ua ni huyu wa mwisho, anayelinunua taslimu ili alipeleke kwa mtu asiyetaka kumlipa.

Na hata maua ya kidiplomasia, nimeyaona. Aprili 2020, ndege zimesimama kwa sababu ya corona, wafanyakazi wa mashamba wamerudishwa makwao, Kenya ilipakia mashada kwenye ndege yake ikayapeleka Uingereza kwa wauguzi na madaktari. Wakenya wengi walikasirika, wakauliza mbona wauguzi wetu hawana vifaa. Mimi naelewa hasira ile, ila kusema kweli tendo lile silihesabu pamoja na haya ya kwetu. Kenya ilikuwa inamkumbusha mteja wake mkubwa kwamba bado ipo, kwa kumpa kitu alichokilima yenyewe. Haikuwa inamdai wala kudaiwa na wauguzi wale.

Ulaya wenzetu walipoona kampuni kubwa zinazikamua ndogo kwa kuchelewesha malipo hawakupelekeana maua, walitunga agizo mwaka 2011: mamlaka za umma zilipe kwa kawaida ndani ya siku 30, kampuni kwa kampuni siku 60 isipokuwa wamekubaliana wazi vinginevyo, ukichelewa kuna riba. Hapa kila bajeti Bungeni tunasikia madeni ya wazabuni, na kampuni binafsi zinajificha nyuma ya serikali, eti mbona na wao hawalipi.

Nilimwandikia afisa uhusiano wa ile kampuni kama mwandishi, nikauliza kwa ujumla wana utaratibu gani wa kulinganisha orodha ya zawadi na orodha ya wanaowadai. Akanijibu baada ya siku mbili kwamba wanathamini washirika wao wote. Kisha, na hii ndiyo iliyonifanya nikae leo niandike, akauliza anwani ya ofisi yangu kwa ajili ya Februari. Sijampa.

Baba mdogo yeye hajakasirika kama mimi. Yale maua alisema asiyatupe, hayakumkosea kitu. Aliyatoa kwenye sponji akayatia kwenye ndoo ya kuoshea wino, kijana wa mashine akapeleka nusu kwa mama ntilie wa chini, ambaye tunamlipa kila siku saa nane bila ankara. Yaliyobaki yalidumu siku tisa.

Jumatatu wiki hii walimpigia simu. Siku ya wapendanao inakuja, wanataka kadi 200, safari hii zenye umbo la moyo, na wanazihitaji haraka. Akawaambia kadi zipo, alete mtu nusu ya fedha taslimu na hundi ya lile la Aprili, mashine itawashwa wakati mtu wao bado yuko kwenye ngazi. Wakasema watazungumza ndani halafu watamrudia. Leo ni Alhamisi, nimepita pale mchana, mashine ilikuwa inachapa mitihani ya shule ya Tabata.